Ujirani wa Tanzania na Kenya tusiwaachie marais peke yao: watu wa sokoni Namanga, Holili na Tarakea tuwe na meza yetu

Mzigo wa Namanga (Arusha)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila wiki humu kuna uzi wa Tanzania na Kenya, na mwisho wake tunaujua: mlima ni wa nani, nani ana hela, nani anajua Kiswahili. Huu naomba uwe tofauti. Mambo haya ndiyo yanayonilisha, na najua tupo wengi wa Arusha na Kilimanjaro ambao mpaka ukitetereka asubuhi, jioni hata watoto nyumbani wanajua.

Nafanya vitunguu. Natoa Mang'ola, napita Karatu, kiasi kinashuka soko la Kilombero hapa mjini, na kilichobaki kinavuka Namanga hadi Nairobi. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja wa soko la Wakulima kule, wenyewe wanaliita Marikiti. Hatujaandikiana chochote. Kabla gari halijapakia ananitumia nusu ya hela kwa simu. Mzigo ukishuka akauona, anamalizia. Vikioza njiani kwa mvua tunagawana hasara, na tumeshagawana. Mama yangu mzazi alipofariki alikuja Arusha na wenzake wa sokoni, wakaingia jikoni na wamama wa mtaani kwetu, na majina yao yamo kwenye daftari la rambirambi. Kwangu mimi huo ni ubalozi kamili.

Sasa hoja. Ujirani wa nchi hizi mbili unabebwa na watu wa aina hii kuliko tunavyokiri, lakini mgogoro wa juu ukitokea sisi ndio wa kwanza kuumia na wa mwisho kuulizwa. Nimelifikiria sana hili, na naona tatizo ni kwamba hatuna chombo cha pamoja. Upande huu kuna vyama vya wafanyabiashara, upande ule vipo, ila hakuna meza moja ambayo muuzaji wa Himo, Kilimanjaro, na mnunuzi wa Taveta, Kenya, wanakaa pamoja kabla mambo hayajaharibika.

Waliofungua Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wanajua kwamba utangulizi wake unataja sababu za kuvunjika Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Wametaja utashi mdogo wa kisiasa. Wametaja mgawanyo wa faida usio sawa baina ya nchi, na kukosekana kwa sera za kurekebisha hali hiyo. Na katikati ya hayo wametaja ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Maana yake wakuu wa nchi wenyewe walikiri kwa maandishi kwamba wananchi kutokuwemo ni mojawapo ya mambo yaliyoiua. Ndiyo maana ibara ya 7 ikaweka kwamba ushirikiano wa safari hii umlenge mwananchi na uongozwe na soko.

Hebu tuangalie tumetendewaje tangu hapo. Oktoba 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walikamatwa upande wetu, wakapigwa mnada Mwanga. Muda si mrefu vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vikachomwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Mei 2020, kipindi cha korona, malori yalipanga foleni Namanga kwa mvutano wa vipimo vya madereva, na Kenya ikafunga mpaka kwa abiria ikabakiza mizigo tu. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka.

Hili la mahindi nataka tukae nalo, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Sumukuvu inaua. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na ile aina ya B1 isizidi 5. Unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5. Sasa nenda Himo baada ya mavuno uone mahindi yanavyoanikwa juu ya udongo, jioni yanazolewa na umande wake, yanatiwa kwenye magunia na kupangwa kwenye gari lililofunikwa turubai. Kuvu hapo imepewa kila kitu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu iko chini ya kiwango. Mei mwaka huo Rais Samia akaenda Nairobi, akazungumza na Rais Kenyatta kuhusu vikwazo vya biashara, hali ikapoa. Nashukuru kwa hilo kwa dhati. Lakini siku zile za zuio gari za watu zilikaa barabarani na mahindi yakazidi kuharibika humo humo. Wenye mahindi na wenye vinu wangekuwa na namba za simu za wenzao na makubaliano ya kupima unyevu kabla ya kupakia, zuio lenyewe huenda lisingekuja. Kipima unyevu ni kifaa cha kushika mkononi. Kikundi kinaweza kukinunua.

Napendekeza tuanze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu: vipimo vya mzigo, ukaushaji, kupeana taarifa za mpakani siku ile ile, na kusuluhishana madeni. Karibuni.

Jirani wa Taveta

Ndugu Mzigo, nashukuru kwa kuandika bila kutukana mtu. Mimi niko upande wa pili wa Holili, Kaunti ya Taita-Taveta.

Siku ya gulio njoo uone Taveta. Ndizi, nyanya, vitunguu, maharagwe, vingi vimetoka kwenu. Akina mama wa Himo na Marangu wanajulikana kwa majina, na wana sehemu zao ambazo hakuna mtu wa hapa anazikalia hata wakichelewa. Wakirudi wanabeba sabuni, mafuta ya kupikia na vyombo vya plastiki. Biashara ya hapa haina mgeni. Kuna nyumba nyingi ambazo baba ni wa huku na mama ni wa huko.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2016 na kwa kweli kimesaidia. Mtu anayetoka kwenu anasimama mara moja tu, upande wetu, maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja. Hata hivyo bodaboda bado zinapita njia za panya zikiwa na mikungu ya ndizi. Nimewauliza wale vijana na akina mama wenyewe kwa nini. Wengi wanaamini kwamba ukipita kituoni lazima ulipe ushuru mkubwa, na kwamba karatasi zile ni za wenye malori. Hakuna aliyewaeleza vizuri. Anayepita kichakani naye hana pa kulalamika akiporwa, akinyang'anywa mzigo, au mbaya zaidi, na akina mama wanajua ninachosema.

Nina swali moja, na nisamehe kama ni zito. Julai 2025 serikali yenu ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Huku watu waliumia moyoni. Je, meza yako itazungumza hilo, au ni mambo ya kutoguswa?

Mzigo wa Namanga

Jirani, itazungumza. Tukikwepa hilo hakuna meza.

Naomba nikueleze linavyoonekana kutoka shambani. Mnunuzi anakuja Mang'ola na fedha taslimu wakati mkulima ana deni la dawa na dizeli ya pampu. Bei anaitaja mnunuzi. Halafu inakuja lumbesa: gunia likishajaa linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, na kile kilemba ni jasho la mkulima linaloondoka bure. Wakala wa Vipimo wanaikataza, lakini shambani hakuna mzani. Mkulima aliyeumizwa hivyo akisikia wageni wamezuiwa kuingia shambani, anafurahi. Ila tuseme kweli, walanguzi wetu wenyewe, Watanzania halisi, wanafanya lumbesa ile ile, pengine kwa ukatili zaidi.

Kwa hiyo mimi naunga mkono mkulima auzie kwenye kituo cha kukusanyia mazao, kwa mzani, kwa kilo, na mnunuzi wa nchi yoyote aje pale anunue hadharani. Nisichokiunga mkono ni jambo kama hili kuja kama radi kwa mtu aliyekwisha tuma hela ya mzigo. Tulikuwa na wateja kule ambao walishalipia, wakawa hawajui waje au wasije, na sisi hatukuwa na la kuwajibu.

Kichwa Ngumu wa Majengo (Moshi)

Mtoa mada unaandika vizuri lakini unaota mchana. Wakenya ni wafanyabiashara kuliko sisi na meza yenu itakuwa yao. Maparachichi yetu kwa miaka yamekuwa yakivushwa kwenda kwao, yanapangwa kwenye maboksi yao, na Ulaya wanajua ni ya Kenya. Tanzanite inachimbwa Mirerani pekee duniani, lakini ilikuwa inavushwa na kuuzwa nje kana kwamba Kenya wana mgodi, hadi serikali ikajenga ukuta mwaka 2018. Wewe unataka tukae nao tunywe chai?

Mzigo wa Namanga

Mkuu, hayo uliyoyataja ni ya kweli na yanauma. Lakini angalia tanzanite na parachichi vilivukaje. Vilivuka kwa mikono ya Watanzania waliouza kwa siri bila karatasi. Mzigo usio na karatasi hauna kwao. Mzigo wenye cheti cha uasili, yaani karatasi ya kuonyesha mzigo umezalishwa nchi gani, kilichoandikwa Tanzania, kwenye boksi lililochapwa jina la kikundi cha Hai au Siha, huo una kwao hata ukipitia bandari ya Mombasa. Hapo ndipo ninapotaka tufike, na hatutafika kwa kukimbiana. Kuhusu wao kuwa wajanja zaidi: tukienda kila mtu kivyake ndiyo wanatuzidi. Wazee wa Kilimanjaro walishaliona hilo tangu 1925 walipoanzisha chama cha wakulima wa kahawa, na 1933 kikaja KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Hawakumsubiri gavana awatafutie bei.

Mstaafu wa Reli

Wanangu, hamjambo. Kijana wangu ndiye anayeniandikia haya nikimsomea.

Nilikuwa kazini reli hapa Moshi wakati wa Jumuiya ya zamani. Reli ile ilikuwa moja. Behewa lilitoka Mombasa, likapita Voi, Taveta, likaingia Kahe, na hakuna aliyeliuliza pasipoti. Wenzangu wa kazi walikuwa Wajaluo, Wataita, Waganda. Mwaka 1977 mwanzoni mpaka ukafungwa. Ndege zikagawanywa, vichwa vya treni vikagombaniwa, kila nchi ikashika kilicho kwake. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa hapa Arusha Mei 1984, baada ya yule msuluhishi Mswisi, Bwana Umbricht, kuhangaika nao miaka mingi. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Yasiyoandikwa ni haya. Dada yangu aliolewa Taveta. Miaka yote ile ya kufungwa alizaa, alifiwa, alioza binti, na sisi tulikuwepo. Tulipita usiku kwa miguu. Waliotupitisha walikuwa vijana wa pande zote mbili ambao baba zao walikuwa wanauziana mbuzi tangu kabla ya mimi kuzaliwa, na hawakuchukua hata senti kwa mtu anayekwenda msibani. Askari wengine walituona wakatazama pembeni, Mungu awabariki walipo. Mpaka ulipofunguliwa, soko la Taveta halikuhitaji miaka ya kurudisha imani, maana imani haikuwa imeondoka.

Lakini msije mkadhani kwamba hiyo inatosha. Wenzangu wengi wamezeeka wakidai mafao yao ya Jumuiya, na wengi wamekufa wakidai. Sisi wafanyakazi tulikuwa maelfu, nchi tatu, kazi moja, na siku ilipovunjika hatukuwa na chama kimoja kilichovuka mipaka cha kusema kwa sauti moja. Kila mmoja akaenda kulilia kwao. Huyu bwana wa vitunguu anasema kitu ninachokijua kwa maisha yangu. Fanyeni mapema.

Mzigo wa Namanga

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, na umshukuru kijana. Nimesoma mara kadhaa hapo kwenye chama kilichovuka mipaka. Hicho ndicho nilikuwa nakitafutia maneno.

Ndizi za Rombo

Jamani na sisi wa Tarakea tupo, maana naona ni Namanga na Holili tu.

Sisi tunauzia Loitokitok, ng'ambo ya pili kule Kenya. Ndizi, maharage, parachichi, wakati mwingine viazi. Na nyie mnaozungumzia meza ya pamoja, sisi akina mama tuna upatu wa pamoja. Tuko wa huku na wa kule. Kijumbe wetu ni Mkenya, mama mtu mzima, Mkamba, anakusanya kila siku ya soko, na anayepokea anapokea pale pale mbele ya watu. Shilingi yetu na yao tunapiga hesabu kwa bei ya siku hiyo kwa wabadilishaji pale mpakani, na imeandikwa kwenye daftari. Wakati wa korona mpaka ulipobana, kijumbe aliendelea kutunza zamu za wa huku mpaka tulipoweza kuvuka, na hakuna aliyedhulumiwa. Mwenzetu mmoja wa kule aliuguza mtoto, akapewa zamu ya mtu wa Rombo kwa kuombwa tu.

Kwa hiyo msianze kutoka sifuri kana kwamba hakuna kitu. Anzieni kwenye madaftari ya wanawake.

Swali langu: hiyo karatasi ya wafanyabiashara wadogo ikoje hasa? Nimeisikia, lakini nilipoiuliza mara ya mwisho ofisa mmoja aliniambia niende nitafute wakala wa forodha. Wakala ananitajia hela inayozidi faida ya ndizi zenyewe.

Wakili wa Sakina (Arusha)

Dada, ngoja nikujibu kwa kirefu, kwa sababu hapa watu wengi wanapotezwa.

Unachokitafuta ni utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki. Mzigo ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukawa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa inayotakiwa kubandikwa kituoni, unapewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na ushuru wa forodha haulipi. Fomu ni fupi: jina lako, bidhaa, kiasi, thamani, imetoka wapi. Ndizi za Rombo zinazokwenda Loitokitok ndizo hasa zilizokusudiwa. Mzigo wa namna hiyo haukulazimu kumtafuta wakala.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaambiwi. Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakifuti kodi za ndani wala ukaguzi wa mimea. Kwa mazao mabichi bado unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao makao yao makuu yako hapa kwetu Ngaramtoni, na upande wa Kenya KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa kule, wanataka kibali cha kuingiza mimea. Mtu anafika kituoni ameshika cheti rahisi, anaambiwa kuna karatasi nyingine, anajiona ametapeliwa, anarudi kichakani. Kosa ni la waliomfundisha nusu ya somo. Nawe mwenyewe pia unatakiwa uwe na hati ya kusafiria, hata ile ya muda, na kadi ya homa ya manjano. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, sisi hatumo. Hilo nalo liandikeni kwenye ajenda yenu.

Mkizuiwa isivyo halali, kuna mlango. Tangu 2017 kuna sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, na kila nchi ina kamati ya kitaifa ya kuvifuatilia. Malalamiko ya mtu mmoja huwa yanapotea. Ya kikundi chenye wanachama wa nchi mbili, yenye tarehe, kituo na bidhaa, ni vigumu kuyaweka kando, kwa sababu kamati zote mbili zitayapokea siku moja.

Na ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo ipo hapa Arusha. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama, hata mwenye genge la mboga, kuishitaki nchi kwa sheria, amri au kitendo kinachovunja Mkataba. Wakili mmoja Mkenya, Samuel Mohochi, alikataliwa kuingia Uganda pale Entebbe mwaka 2011 na kurudishwa kwao. Akaenda mahakamani, na mwaka 2013 akashinda. Ila kuna mtego wa muda: ni miezi miwili tangu jambo litokee au ulijue. Wafanyabiashara wetu wanakaa mwaka mzima wakinung'unika, halafu wanakuja ofisini kwangu. Sina la kuwafanyia. Meza yenu ikiwa na mtu mmoja tu wa kuandika tukio siku lilipotokea, mmeshapiga hatua kubwa kuliko mnavyodhani.

Kichwa Ngumu wa Majengo

Sawa, nimesoma maelezo ya mama wa upatu na ya mzee, na nakubali nilipoanza nilikuwa na hasira. Bado nina wasiwasi mmoja wa kweli. Kitu kama hiki kikianza kuonekana, watakuja wafadhili, semina hotelini, posho, mwenyekiti anajenga nyumba. Baada ya hapo wanasiasa wa pande zote wanakitaka. Nani analipa na nani anaongoza?

Mzigo wa Namanga

Mkuu, wasiwasi wako ni wa haki. Nimeona vikundi viwili vya sokoni vikifa hivyo hivyo.

Nionavyo, fedha itoke kwenye mzigo. Kila gari linalopakia litoe kiasi kidogo, kila mwanachama anayevuka na mikungu atoe chake, na daftari lisomwe hadharani siku ya gulio kama akina mama wa Tarakea wanavyofanya. Hakuna semina. Tukutane sokoni, tumesimama kama ni lazima. Uongozi uwe wa zamu, kipindi kimoja mtu wa huku, kingine mtu wa kule, na mtunza hela asitoke upande mmoja na mwenyekiti. Mtu akigombea udiwani au uwakilishi wa wadi kule kwao, aachie nafasi. Sisemi wanasiasa ni wabaya. Nasema siku nchi zetu zikikosana, meza hii lazima ibaki ya watu ambao hawana kura ya kutafuta kwenye ugomvi huo.

Na baraza la wafanyabiashara la Afrika Mashariki lina ofisi hapa Arusha, Sekretarieti ya Jumuiya iko hapa. Wapo jirani yetu. Tukienda tukiwa na orodha yetu ya matukio mkononi, tutapokelewa tofauti na tukienda mikono mitupu kuomba kusaidiwa.

Jirani wa Taveta

Mimi nimeridhika. Nitazungumza na wenzangu watatu wa sokoni, wawili ni akina mama. Tunaanza na lipi? Tukianza na mambo mengi tutachoka.

Ndizi za Rombo

Anzeni na karatasi ya Kiswahili. Ukurasa mmoja, yale yote aliyoeleza wakili, kwa maneno ya kawaida, na ibandikwe pande zote mbili. Nitaipeleka mwenyewe kwa kijumbe wetu, yeye akiisoma mbele ya watu wote wanajua ni kweli.

Mzigo wa Namanga

Nakubaliana na dada. Na pamoja na karatasi hiyo, mzani.

Nieleze kwa nini mzani. Madeni mengi ninayosuluhisha kati ya watu wetu na wa Nairobi hayatokani na utapeli. Yanatokana na gunia. Huku tumehesabu magunia, kule wamepima kilo, tofauti inaonekana, kila mmoja anamuona mwenzake mwizi. Juzi nimeshuhudia kijana wa Karatu na mnunuzi wa Kajiado, marafiki wa muda mrefu, wanakaribia kushikana mashati pale Namanga kwa magunia ya aina hiyo. Tukapata mzani wa kuazima kwa mwenye duka la pembejeo. Tukapima gunia moja moja, wote wawili wakiandika kila mmoja kwenye karatasi yake. Ikaonekana gunia zenye kilemba zilikuwa nzito na zile za chini ya gari zilikuwa nyepesi, na kwa ujumla hesabu zao zilitofautiana kidogo sana. Walilipana hapo hapo na gari likaondoka.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Makubaliano ya kwanza ya meza yetu yawe kwamba mwanachama hauzi wala hanunui lumbesa, mzigo unapimwa kwa kilo wakati wa kupakia, picha ya mzani inatumwa kwa mnunuzi kabla gari halijaondoka, na kukiwa na ubishi unapimwa tena mpakani mbele ya mtu mmoja wa kila upande. Wakili, tafadhali tuandikie hilo kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na ule ukurasa wa taratibu. Jirani wa Taveta, angalia kama wenzako wanakubali neno kwa neno, na kama kuna neno ambalo huko linaeleweka vingine, libadilishwe kabla ya kubandikwa.

Wengine mnaovuka, iwe Namanga, Holili au Tarakea, andikeni hapa chini bidhaa mnayobeba, karatasi mliyodaiwa mara ya mwisho na tarehe. Majina ya maofisa msiweke humu. Nitakusanya kila Ijumaa jioni na kumpa Wakili, ili yaliyo ndani ya miezi miwili ayatenge kwanza.